Kiboko wa katuni asiwadanganye watoto wa ziwani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuwafikie vijana wanaotengeneza filamu za katuni hapa Mwanza na kandokando ya ziwa, pamoja na wazazi na walimu wanaowashika mkono. Hadithi inayowavutia wengi wao ni ya msichana aliyeshibana na mnyama mkubwa mwenye nguvu za ajabu. Ni hadithi nzuri, na inafaa msichana ndiye awe nguzo yake. Shida ni mnyama. Mara nyingi analetwa joka la mabawa au mbwa mwitu wa nchi za theluji, ambaye mchoraji hakuwahi kumwona akitembea na anamjua kwa kunakili katuni za wengine tu. Ukinakili mchoro unabeba na makosa yake, na kosa likionekana huna pa kwenda kulisahihisha.

Ziwa letu lina kiboko, mamba na chatu. Waongezeeni ukubwa, mwanga machoni, hata uwezo wa kuita mvua, lakini chini ya maajabu hayo awepo mnyama wa kweli, na hatari yake isifichwe. Hili la hatari tutalirudia mbele, maana kwa mtoto wa ziwani si suala la sanaa peke yake.

Tuanze na kiboko, kwa kuwa ndiye anayekosewa kuliko wote. Kiboko wa kawaida husimama kama mita 1.5 begani na uzito wake ni kama kilo 1,500. Madume makubwa hufika kilo 3,000. Msichana wa miaka kumi ana kilo 30 hivi, yaani sehemu moja ya hamsini ya mnyama anayempanda. Wachoraji wengi humfanya kiboko abonyee mgongo msichana anapokaa, kisha ainuke tena, wakidhani wameonyesha uzito. Walichoonyesha ni godoro. Ngozi ya kiboko ina unene wa karibu sentimita 5, na kilo 30 hazimtikisi. Anayepaswa kubadilika umbo ni msichana: mapaja yanatandazika, vidole vinafunguka, magoti yanatafuta pa kujikita. Tena mgongo ule ni mpana kiasi kwamba mtoto hawezi kuning'iniza miguu pande mbili. Mkao unaosadikika ni kulala kifudifudi nyuma ya shingo, mikono ikishika mikunjo ya ngozi. Ndama wa kiboko naye hujilaza juu ya mgongo wa mama yake majini, kwa hiyo mkao huu unaleta maana ya malezi bila neno hata moja kusemwa.

Macho ya kiboko yako juu ya kichwa, ubavuni. Pua, macho na masikio vimekaa karibu mstari mmoja ili mwili uzame na vitu hivyo vibaki nje ya maji. Basi kiboko akitaka kumtazama msichana vizuri, anageuza kichwa upande na kumtazama kwa jicho moja. Ukimwekea macho mawili ya mbele kama ya binadamu umepoteza kiboko na umepata mtu aliyevaa kinyago. Hisia zake ziwekwe masikioni, ambayo huzungushwa haraka kurusha maji anapoibuka, na puani, kwa kuwa matundu ya pua hujifunga kabla ya kuzama. Msichana akiita jina lake, sikio moja ligeuke kwanza, zipite fremu 6 (fremu ni picha moja kati ya 24 zinazopita kila sekunde), kisha kichwa kifuate. Robo ya sekunde hiyo inamwambia mtazamaji kwamba mnyama amesikia na ameamua kugeuka.

Mwendo wake nchi kavu hauna mapambo: mguu wa mbele wa kulia huenda na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ya pili, na hata anapokimbia hubaki na mpangilio huohuo. Farasi akiongeza kasi hubadili mpangilio wa miguu, na vijana wengi humpa kiboko mbio za farasi kwa sababu ndiyo mafunzo yaliyojaa kwenye intaneti. Kosa lingine ni mguu kuteleza ardhini. Chanzo chake ni hesabu: mwili unasogezwa kwa kasi isiyolingana na urefu wa hatua. Ikiwa mzunguko mzima wa miguu minne unamsogeza mnyama mita 1.6 na unachukua fremu 24, basi mwili usogee kama sentimita 6.7 kwa kila fremu, usizidi wala usipungue. Pigeni hesabu hii kabla ya kuweka fremu kuu ya kwanza. Kurekebisha baadaye ni kuanza upya.

Msichana akiwa juu ya mnyama anayetembea, kiuno chake kifuate mgongo wa mnyama katika fremu ileile. Kifua kichelewe fremu 2, kichwa fremu 2 nyingine, na ncha ya khanga na nywele zichelewe 3 au 4 zaidi. Vyote vikipanda na kushuka pamoja, msichana ataonekana amegundishwa kwa gundi. Kwa wanaotumia programu ya pande tatu kama Blender, msimfunge mwili mzima kwenye mfupa wa mgongo wa mnyama. Fungeni kiuno na viganja tu, mgongo na shingo vibaki huru mviendeshe wenyewe. Halafu geuzeni kamera mtazame mikono kwa chini, kwa sababu vidole hupenya ndani ya ngozi bila mchoraji kuona kwa upande anaofanyia kazi.

Mnyama wa maajabu huwa mkubwa kuliko wa kawaida, na hapo ndipo kazi nyingi huanguka. Tuseme kiboko wenu ni mara nne ya kiboko halisi: begani mita 6. Uzito hauwi mara nne. Urefu, upana na kimo vyote vimeongezeka mara nne, hivyo uzito ni mara 64, na kilo zile 1,500 zimekuwa tani 96. Unene wa mguu ukiukuza mara nne tu, eneo la mguu linaongezeka mara 16, na kila sehemu ya mguu inabeba mzigo mara nne ya awali. Ndiyo maana mnyama aliyekuzwa kwa kuvuta pembe za picha huonekana mwepesi na wa bandia. Mpeni miguu yenye upana maradufu ya ule unaopatikana kwa kukuza peke yake, na nyayo zitanuke zinapokanyaga.

Kisha kuna muda. Mguu unaoning'inia hubembea polepole kadiri unavyokuwa mrefu, na ukirefuka mara nne muda wa kubembea unaongezeka mara mbili. Hatua ya kiboko wa kawaida ikichukua fremu 12, ya huyu mkubwa ichukue 24. Kuanguka nako kuna sheria yake: kitu kinachoachiwa huanguka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Msichana akiruka kutoka begani mwa mnyama wa mita 6 atakuwa hewani zaidi kidogo ya sekunde moja, fremu 26 au 27. Vijana humpa fremu 10, na macho ya mtazamaji yanapima haraka kwamba mnyama ana kimo cha mita 1 tu. Maji anayorusha yafuate kanuni hiyohiyo: matone yapande juu na kuchelewa kurudi, maana matone yanayorudi upesi ni ya bata.

Chini ya maji kiboko haogelei kwa kupiga miguu kama mbwa. Mwili wake huzama, naye hutembea na kujirusha juu ya sakafu ya ziwa, akielea kidogo kati ya hatua na hatua. Huweza kukaa chini kama dakika 5, msichana hawezi. Hadithi ijibu hilo waziwazi. Kama mnyama ana uwezo wa kumpa pumzi, uwezo huo uwe na mpaka unaojulikana tangu mapema, mathalani unafanya kazi akimshika sikio tu. Mnyama anayeweza kila kitu anamnyang'anya msichana kazi ya kufanya. Na rangi: maji ya Ghuba ya Mwanza ni ya kijani na mtu haoni mbali, mita chache tu. Bluu angavu ya bahari ya matumbawe si yetu. Katika maji haya bluu hufifia kwanza kadiri mnavyoshuka, hivyo khanga ya bluu ionekane nyeusi. Magugu maji yakiwa juu, mwanga uingie kwa vipande kati ya mizizi inayoning'inia. Hii ni mandhari ambayo hakuna nchi nyingine itakayowachorea.

Sasa hatari. Kiboko anapopanua kinywa mbele ya mtu, anatisha kwa kuonyesha meno. Katika katuni nyingi huchorwa kama kicheko au mwaliko, na mtoto wa Ukerewe au Sengerema anayeteka maji jioni ataubeba ujumbe huo hadi ufukweni. Hilo hatuwezi kulinyamazia. Njia tunayopendekeza ni kuweka wanyama wa aina mbili katika filamu moja. Yupo mmoja wa maajabu, mwenye alama isiyoweza kuchanganywa, kama michoro inayowaka ngozini, na wapo viboko wa kawaida wasio na alama, ambao hata msichana yule huwakwepa. Onyesheni mapema, ndani ya dakika ya kwanza, kundi la kawaida likikoroma na kupanua vinywa, na msichana akirudi nyuma taratibu. Onyesheni kwamba usiku kiboko akiwa malishoni mtu hasimami kati yake na maji, na kwamba mama mwenye ndama hasogelewi kabisa. Urafiki na yule mmoja utapata thamani zaidi kwa sababu mtazamaji ameshajua angeweza kufanya nini.

Mamba ana kazi tofauti: uso wake hautembei. Hana midomo wala nyusi, na meno yanaonekana hata kinywa kikiwa kimefungwa. Ukimwekea tabasamu amekuwa mdoli. Tumieni kimo cha mwili. Akiburuta tumbo yuko tayari kuteleza majini. Akiinua mwili na kutembea kwa miguu iliyosimama anakwenda mahali. Majini miguu ikunjwe ubavuni, mkia ndio usukume. Lile kope lake la tatu, linalopita juu ya jicho kwa upande, likitumika mara moja tu katika tukio zito linatosha.

Kwa hadithi ya urafiki, mamba ana zawadi ambayo vijana hawaigusi. Jike hufukia mayai mchangani na kuyalinda kwa takriban miezi mitatu. Watoto hulia wakiwa bado ndani ya mayai, mama husikia, hufukua, na huwabeba kinywani hadi majini. Kinywa kilekile kinachoua ng'ombe kinabeba kitoto bila kukiumiza. Msichana anayesikia sauti chini ya mchanga kabla ya watu wengine ana mwanzo wa filamu tayari, na hakuna joka linalohitajika.

Kuhusu chatu tutasema machache. Nendeni Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, au kwenye ngoma za Bulabo mwezi Juni, mtazame wanaocheza na chatu. Chatu wa mita 4 anaweza kuzidi kilo 20. Angalieni mchezaji anavyotanua miguu, bega moja linavyoshuka, na kiuno kinavyotoka upande wa pili kusawazisha. Chukueni dakika 2 za video kwa simu, kisha chagueni fremu 8 mzichore kwa mkono. Kwa wanyama wengine, Kisiwa cha Saanane kiko jirani kabisa na mji na kuna pimbi na kenge wa kuchora. Viboko na mamba wako Rubondo, huko mkae mbali mkiwa na askari wa hifadhi. Na anayesema hatuna utamaduni wa wanyama wa ajabu aulize wazee habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu na mifugo hadi Masala Kulangwa alipolipasua tumbo.

Midomo ya msichana pia inahitaji neno. Chati za midomo zinazosambazwa zimetengenezwa kwa Kiingereza na zina maumbo mengi tusiyoyahitaji. Kiswahili kina irabu tano na karibu kila silabi inaishia na irabu, hivyo maumbo saba yanatosha: matano ya irabu, moja la midomo iliyofungwa kwa m, b na p, na moja la meno ya juu juu ya mdomo wa chini kwa f na v. W hukopa umbo la u. "Mamba" ni kufunga, a, kufunga, a. "Kiboko" ni i, kufunga, o, o. K haionekani kwa nje. Kinachosahaulika ni m inayosimama kama silabi, kama katika "mtu" au "msichana": midomo ibaki imefungwa fremu 3 au 4 nzima, la sivyo msichana ataonekana anasema neno jingine. Umbo la mdomo litangulie sauti kwa fremu 1 au 2, kamwe lisichelewe.

Sasa gharama. Msianze na filamu ya dakika 90. Anzeni na dakika 3, mswada wa kurasa 3, picha kama 40 za kamera. Zichoreni zote kwenye storibodi (mfululizo wa michoro unaoonyesha filamu nzima kwa mpangilio), zipangeni pamoja na sauti ya muda, mtazame mara kadhaa kabla ya kuchora kitu safi. Kwa katuni ya kuchora kwa mkono, ukibadilisha mchoro kila baada ya fremu mbili, dakika 3 ni michoro 2,160 kwa kila mhusika anayetembea muda wote. Ndiyo sababu msichana na mnyama wasijae kwenye kila picha. Kivuli chake juu ya jabali, au viputo vya maji, vinaweza kumbeba sekunde 5.

Programu zisiwe kisingizio. Krita na Blender ni za bure. Filamu ya wanyama kutoka Latvia, isiyo na neno hata moja la maongezi, iliyoshinda Oscar ya filamu za katuni mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender. Kinachoumiza huku kwetu ni umeme. Dakika 3 kwa fremu 24 kwa sekunde ni fremu 4,320. Kompyuta ikichukua dakika 5 kurenda kila moja, yaani kuikokotoa hadi iwe picha kamili, ni saa 360, yaani siku 15 usiku na mchana. Umeme ukikatika siku ya 14 na mlikuwa mnahifadhi kama faili moja la video, faili hilo huenda lisifunguke tena. Rendeni kila fremu kama picha yake ya PNG yenye namba, kisha mziunganishe mwishoni. Umeme ukirudi mnaendelea na namba iliyofuata. Na kama kamera haisogei, mandhari ya mawe irendwe mara moja tu, wahusika warendwe peke yao na kuwekwa juu yake. Siku 15 zinaweza kushuka zikawa 5 au 6.

Watazamaji wengi watatumia simu. Tukio la usiku likiwa jeusi sana, mnyama hapotei kwa siri, anapotea kabisa. Punguzeni picha hadi upana wa kidole gumba muone kama umbo la msichana linajitenga na la mnyama. Kwa usiku, tumieni taa za wavuvi wa dagaa kwa mbali kama chanzo cha mwanga. Wavuvi hao hupumzika mbalamwezi inapokuwa kubwa, hivyo ziwa likiwa na mwezi liwe tupu, na hizo ndizo usiku ambazo msichana na mnyama wangeweza kukutana bila kuonekana. Sauti nayo ipimwe kwa simu. Ngurumo nzito ya chini ya hertzi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde) haitoki kwenye spika ndogo. Rekodini ng'ombe akilia, punguzeni kasi iwe nusu, sauti itashuka oktava moja na kurefuka mara mbili. Kisha ongezeni tabaka la pili kati ya hertzi 150 na 400, kama pumzi ya kukoroma, ili mwenye simu ya kawaida naye amsikie mnyama.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni hili: katika ukurasa wa watoto tenga nafasi ya picha nne kila wiki kwa storibodi za wanafunzi wa Kanda ya Ziwa. Sharti liwe mnyama wa ziwani, na chini ya kila picha mchoraji aandike idadi ya fremu, mguu upi uko ardhini na msichana ameshika wapi. Tuko tayari kuzipitia na kuzirudisha na masahihisho, bila malipo, kabla hazijachapwa.

Wachora katuni,
Ilemela, Mwanza